Fidia ya Vyombo Vilivyoungua: Dhana Potofu Zinazogombanisha Ndugu

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba fidia ya bima ya moto ni mali ya kila aliyekuwa akiishi katika nyumba iliyoungua, hivyo igawanywe sawa kwa sawa. Ukweli ni kwamba bima ni mkataba baina ya kampuni na mtu aliyeikata, na huyo ndiye anayelipwa. Hata hivyo, na hapa ndipo ndugu wengi hudhulumiana, jina lililo kwenye hati ya bima halimfanyi mwenye jina kuwa mmiliki wa kila kilichoteketea. Tuseme kaka alijaza fomu ya madai na, chini ya kabati na friji, akaandika "cherehani 1", ilhali cherehani hiyo ni ya dada yake aliyekuwa akishonea watu nguo barazani. Kampuni ikikubali kuilipia, fedha hizo zimetolewa kwa hasara ya dada, na kaka hana haki ya kuzihesabu kuwa zake.

Wapo pia wanaoamini kwamba bima ikiwa kwa jina la mume, vyombo vyote ni vya mume. Nchini Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mke au ya mume.

Ugomvi mchungu zaidi hutokana na kiasi. Jamaa husikia kwamba vyombo vilikatiwa bima ya shilingi milioni 10, kisha wakiona zimelipwa milioni 2 humwita ndugu yao mwizi. Kiwango kilichoandikwa ni kikomo cha malipo tu. Vyombo vya thamani ya milioni 20 vikikatiwa bima ya milioni 10, basi kwa kanuni ya uwiano iliyomo katika mikataba mingi, hasara ya milioni 4 hulipwa milioni 2, yaani nusu, kwa kuwa bima ilifika nusu tu ya thamani ya vyombo. Aliyelipwa awaonyeshe wenzake barua ya kampuni yenye mchanganuo huo, tena kabla hajaulizwa.

Wengine hudhani kuwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ataamua nani apate nini. Ofisi hiyo husikiliza malalamiko dhidi ya kampuni za bima. Shauri la cherehani huanzia kwenye kikao cha familia, na likishindikana huko huenda mahakamani, ambako dada atatakiwa kuonyesha stakabadhi ya dukani au kuleta mashahidi, pengine wateja walewale waliokuwa wakimpelekea vitambaa.