Je, wajua kwa nini kompyuta yenye Linux na Windows hupishana saa tatu kamili?

Mama mmoja mwenye steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, alinipigia simu asubuhi, na kabla sijamaliza kumwamkia akanikatiza: "Marahaba mwanangu, ila hii mashine uliyonitengenezea inanigombanisha na watu." Alikuwa amemchapia kijana risiti saa nne asubuhi, karatasi ikatoka imeandikwa 13:04. Kijana akarudishwa na bosi wake: risiti ya saa saba mchana imepatikanaje na saa tano bado haijafika? Nikamuuliza upande wa Windows unasemaje. "Huko nako balaa. Juzi nimewasha saa nne hiyo hiyo, inaniambia saa moja asubuhi."

Kompyuta yake ina mifumo endeshi miwili, yaani programu kuu zinazoiendesha mashine. Windows ipo kwa ajili ya programu yake ya mahesabu. Linux ipo kwa ajili ya intaneti na flashi za wanafunzi, maana flashi za wanafunzi zina virusi kuliko maelezo. Kila akiwasha anachagua aingie wapi.

Hesabu aliyonipa ilikuwa safi mno. Linux ilikwenda mbele saa tatu, Windows ikarudi nyuma saa tatu. Kitu kilichoharibika hakikosei kwa unadhifu namna hiyo. Betri ikifa, saa hupotea kwa miaka. Ikikosa intaneti muda mrefu, hupotea kwa dakika. Saa tatu kamili, kwetu sisi, ni umbali kati ya saa ya Afrika Mashariki na saa ya dunia inayoitwa UTC. Kwa hiyo hakuna kilichokufa. Kuna watu wawili wanaosoma saa ile ile kwa namna mbili.

Ndani ya kompyuta mna saa mbili. Ya kwanza iko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta: chipu ndogo inayolishwa na betri ya duara mfano wa sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Hii haizimiki hata ukichomoa waya ukutani. Inahesabu kwa kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani pigo moja kwa sekunde. Saa ya pili ni ya mfumo wenyewe. Linux ikiwaka, kerneli, yaani kiini chake, huchungulia saa ya mazabodi, huchukua muda uliopo, kisha huendelea kuhesabu yenyewe mpaka utakapozima.

Ugomvi uko kwenye lile kuchungulia. Saa ya mazabodi ina nafasi ya sekunde, dakika, saa, tarehe, mwezi na mwaka. Haina nafasi ya kuandika ni saa ya wapi. Muundo huo tumeurithi kutoka IBM PC AT ya mwaka 1984, iliyobeba chipu ya Motorola iitwayo MC146818. Chipu inasema "10:00" basi. Kumi ya Mbeya au ya London, haijui.

Windows ilirithi tabia za MS-DOS, mfumo wa mtu mmoja mezani kwake. Kompyuta za mwanzo za aina hiyo zilimuuliza mtumiaji saa ngapi, naye akatazama mkono wake akaandika. Saa ya mazabodi ikawa saa ya hapo hapo alipo mwenye kompyuta. Linux, iliyoanza mwaka 1991, ilifuata Unix, na Unix ilikulia kwenye mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Yenyewe huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Ikitaka kukuonyesha muda wa Mbeya, inaongeza saa tatu dakika ya mwisho, kwenye kioo tu. Chini kabisa, kwenye mazabodi, hupenda iwepo saa ya dunia.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali hapa. Mtalii anaambiwa stendi kwamba basi la Dar linaondoka saa kumi na mbili. Anakunywa chai yake taratibu, anafika adhuhuri mshale ukiwa kwenye 12, basi limeshapita Makambako zamani. Saa yake nzima, saa ya kondakta nzima, mishale ni ile ile. Kilichotofautiana ni unaanza kuhesabu kutoka wapi. Sisi na Wazungu tunapishana saa sita; Windows na Linux, wakiwa Tanzania, wanapishana tatu.

Sasa ifuate siku ya yule mama. Asubuhi ni saa nne, yaani 10:00. Jana yake alizima akiwa Windows, na Windows iliacha saa ya Mbeya kwenye mazabodi. Leo anawasha Linux. Linux inakuta 10:00, inaamini ni ya dunia, inaongeza tatu: 13:00. Hapo ndipo risiti ya kijana ilipochapwa. Baadaye anawasha bando. Linux inauliza seva za muda kwenye intaneti, inajua imekosea, inajirekebisha ndani ya sekunde chache. Halafu inafanya jambo ambalo wengi hawalijui: kerneli ikishakuwa na uhakika wa muda, huandika saa sahihi kwenye mazabodi kila dakika 11. Sahihi kwa imani yake, yaani saa ya dunia. Akizima na kuingia Windows saa nne ya siku nyingine, mazabodi inasema 07:00, na Windows inaipokea kama ilivyo. Saa moja asubuhi. Windows nayo ikija kujisahihisha kupitia intaneti, inaandika saa ya Mbeya, na mchezo unaanza upya.

Ndiyo maana mwenye intaneti ya kudumu ofisini anaweza kukaa miaka mingi bila kuliona tatizo hili, kwa kuwa kila mfumo unasahihishwa kabla hajatazama pembeni ya kioo. Sisi tunaowasha bando kwa kuhesabu MB ndio tunaoliona kila asubuhi.

Kuhakikisha ni rahisi. Ukiwa Linux, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `timedatectl`. Utaona saa ya hapa, saa ya dunia, halafu mstari wa `RTC time`, ambao ndio saa ya mazabodi. Chini kuna `RTC in local TZ`. Ikiwa imeandikwa `no`, Linux inaichukulia mazabodi kuwa saa ya dunia. Tazama pia ukanda wa saa: uwe `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`, yote mamoja, maana kwenye orodha ya kanda za saa jina la Dar ni kiungo tu kinachoelekea Nairobi. Windows yenyewe haikuhangaika hata kuiandika Dar, utachagua Nairobi.

Dawa ziko mbili, na unatakiwa kunywa moja tu.

Ya kwanza ni kuiambia Linux ifuate desturi ya Windows:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Ukirudia `timedatectl`, itakuonya kwamba mpangilio huu unaleta matatizo ya kubadili ukanda na ya saa za majira. Onyo ni la kweli, ila linawagusa zaidi watu wa Ulaya na Marekani wanaosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, ambako mifumo miwili inaweza kusogeza saa ile ile mara mbili. Tanzania haisogezi saa, kwa hiyo kwetu hatari hiyo imepungua sana.

Ya pili ni kuiambia Windows ikubali saa ya dunia. Unafungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika, kwa mstari mmoja:

`reg add "HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Vitabu vya Linux karibu vyote vitakuambia hii ya pili ndiyo bora, nami kwenye laptopu yangu nimeweka hii. Lakini kwa wateja wa mtaani huwa nasita. Huku kwetu Windows hupigwa upya kwa kila ugonjwa: ikiwa nzito, inapigwa upya, printa ikikataa, inapigwa upya. Ikipigwa upya, maandishi yale kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, yanafutika na saa tatu zinarudi. Linux ya mteja hakuna fundi anayeigusa, nadhani kwa woga tu, kwa hiyo dawa iliyowekwa huko hudumu.

Ukiweka zote mbili, utapata ugonjwa mpya. Windows itaandika saa ya dunia, Linux itaisoma kama ya Mbeya, na sasa Linux ndiyo itabaki nyuma saa tatu. Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo na malalamiko yalikuwa kwamba haikubali masasisho. Ukiandika `sudo apt update` inajibu kwamba faili la orodha `is not valid yet`, yaani muda wake wa kuanza kutumika haujafika, na inakutajia zimebaki saa ngapi. Orodha ilikuwa imetolewa ndani ya zile saa tatu. Kwa Linux ile, ilikuwa barua iliyoandikwa kesho. Mwenye mashine alikuwa ameshabadilisha seva ya kupakulia mara nne.

Tofauti ikiwa si tatu, usiguse lolote kati ya hayo. Saa moja kamili huwa inanifanya niulize kama mtu katoka Tunduma. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na pale mpakani simu ikidaka mnara wa Nakonde inarudi nyuma saa moja papo hapo, mtu anapanga kompyuta yake kwa kuitazama simu. Au wakati wa kusakinisha alibofya kwenye ramani, kidole kikateleza kusini au magharibi kidogo, ukanda ukawa Blantyre au Lubumbashi. Hapo ni `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` na kazi imekwisha. Tofauti ya saa sita hakuna mashine inayoileta yenyewe: ni mzee wa nyumbani kaingia kwenye mipangilio, akaona 10:00 wakati yeye anajua fika ni saa nne, akaisahihisha ikawa 4:00. Mimi simlaumu. Mwezi wa saba jua la Mbeya huchomoza karibu na saa moja asubuhi, maana saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, na Mbeya iko kwenye 33 na nusu hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika 46 kuliko saa rasmi. Hata hiyo 10:00 ni makubaliano tu.

Ikipotea kwa miezi au miaka kila umeme unapochomolewa, nunua betri. Mashine za mtumba nyingi zinafika zikiwa na betri iliyokufa. Dalili yake inadanganya, maana mtu haji akisema saa imeharibika. Anakuja akisema intaneti inakataa, kivinjari kinamwambia muunganisho si salama. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba bado ni miaka kumi iliyopita inaviona vyote havijaanza. Linux nyingi zina ujanja mdogo hapa: huduma ya `systemd-timesyncd` huhifadhi kwenye diski muda wa mwisho iliyoujua, na ikiwaka haikubali kurudi nyuma ya hapo. Kwa hiyo ukikuta Linux imeganda kwenye saa uliyoizima jana usiku, badala ya kurudi mwaka wa kiwandani, betri imekufa vile vile, ila kuna mtu alikuwaza.

Zikiwa ni sekunde au dakika chache baada ya miezi bila intaneti, hiyo ni kawaida, na baridi yetu inachangia. Kijiwe cha kwatzi hutengenezwa kiende sawasawa kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na hupunguza mwendo ukikipasha joto au ukikipoza. Kompyuta iliyozimwa Makete kwenye chumba cha nyuzi 10 hupoteza kama sekunde 20 kwa mwezi kwa sababu ya baridi peke yake.

Yule mama nilimwekea dawa ya upande wa Linux, kwa kuwa namjua fundi anayempigia Windows. Nikawasha huku, nikazima, nikawasha kule, nikarudia mara ya pili bando likiwa limewashwa. Pande zote mbili zikasema 11:26. Akainua macho kutazama saa ya ukutani, ikawa inasema saa tano na dakika kumi na nane. Akavuta kiti, akapanda, akaisogeza ile ya ukutani.