Haki zako ziko kwenye Katiba, ila kuzibadilisha ni rahisi kuliko unavodhani

Mimi ni wakili hapa Dodoma na kila mjadala wa Katiba mpya ukipamba moto naulizwa swali lilelile, haki za raia si zipo tayari kwenye Katiba ya 1977, sasa mnataka nini tena? Zipo ndio, ibara ya 12 mpaka 29, japo ziliingia kwa mabadiliko ya 1984, tena serikali ikapewa muda wa kurekebisha sheria zake, kwahiyo mahakamani zimeanza kuuma 1988. Mimi kinachoninyima raha ni wepesi wa kuzipunguza.

Chukua kesi ya mgombea binafsi, ilifunguliwa hapahapa Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mtu asilazimishwe kuwa na chama ndo agombee, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akamkubalia. Desemba hiyohiyo Bunge likapitisha mabadiliko ya 11, na leo ukifungua ibara ya 21, hiyo ya haki ya kushiriki utawala wa nchi, kabla haijakutaja wewe raia inakutuma kwanza ibara ya 39 na 67, ukifika huko unakuta lazima upendekezwe na chama, basi, ulichoshinda kortini kimeyeyuka. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, Mahakama ya Afrika pale Arusha 2013 ikampa Mtikila ushindi, na ibara iko vilevile.

Iliwezekanaje? Soma ibara ya 98. Kugusa orodha ya mambo ya Muungano, au idadi ya wabunge wa kutoka Zanzibar, inabidi theluthi mbili ya wabunge wa Bara NA theluthi mbili ya wa Zanzibar. Kugusa haki zako, theluthi mbili ya wabunge wote inatosha, hakuna kura ya maoni wala nini!

Ndo maana 2014 Bunge Maalum la kuandika Katiba mpya lilipokaa hapa mjini niliumia sana, nguvu nyingi ziliishia kwenye serikali mbili au tatu, UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka Aprili, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba, kura ya maoni ya 30 Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Muundo wa Muungano ni jambo zito sikatai, ila jamani rasimu ikirudi mezani anzeni na sura ya mabadiliko ya Katiba kabla ya kushangilia sura ya haki, na mdai sharti moja: haki yoyote ya raia isipunguzwe bila wananchi wenyewe kupiga kura.