Kodiani ya taarabu: yasemwayo na yalivyo

Mombasa, mtu akiiona kodiani, kile kinanda cha mvukuto kinachovaliwa kifuani, mara nyingi huwa ni jukwaani: kikundi cha Unguja kimealikwa, na mpigaji amekaa karibu na mafidla, mikanda miwili mabegani. Madukani haipatikani hivi hivi, na nyumba zilizo nayo zinahesabika. Ndiyo maana maneno juu yake ni mengi kuliko watu waliowahi kuifungua.

"Ni chombo cha Waarabu, kililetwa na masultani."

Si kweli, na miaka inatosha kuonyesha. Hataza ya chombo kilichoitwa hivi ilitolewa Vienna mwaka 1829 kwa fundi Cyrill Demian. Chake kilikuwa kisanduku kidogo chenye vitufe vitano, na kila kitufe kilitoa sauti kadhaa kwa pamoja, kwa ajili ya kuusindikiza wimbo. Baadaye viwanda vikaibuka: Paolo Soprani alianza Castelfidardo, Italia, mwaka 1863, na Hohner ya Trossingen, Ujerumani, iliyoanza na vinanda vya mdomo mwaka 1857, ikaingia kwenye kodiani mwaka 1903. Hiki ni chombo cha kiwandani cha Ulaya, mwanzo hadi mwisho.

Sasa tazama upande wetu. Sayyid Barghash alitawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, na inaelezwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo akajifunze ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachodonolewa. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa 1905. Mwimbaji Siti binti Saad akasafiri Bombay kurekodi mwaka 1928. Muziki wa nyakati hizo ulibebwa na udi, ganuni, fidla na ngoma ndogo ndogo. Kodiani imeingia baadaye, katikati ya karne ya 20, pale okestra za Misri zilipotanuka zikachukua chelo, besi kubwa na vyombo vingine vya Kizungu, na santuri na filamu zao zikawa ndiyo shule ya vikundi vya Unguja. Kwa hiyo Cairo ni njia tu. Misri nayo iliipokea kutoka Ulaya.

"Basi taarabu ya Mombasa nayo imesimama juu ya kodiani."

Hapa watu huchanganya Unguja na Mvita. Okestra kubwa yenye fidla nne au tano, ganuni, besi na kodiani ni sura ya Unguja, na Culture Musical Club iliyoanza 1958 ni mfano wake. Mombasa ilishika njia nyingine. Zein l'Abdin alibeba nyimbo kwa udi. Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi ya Kihindi, na pembeni yake harmonia, kinanda cha upepo kinachowekwa chini. Zuhura Swaleh utamsikia na taishokoto, chombo cha nyuzi chenye vitufe kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ambacho Mombasa imekipenda kuliko wengi wa majirani zake. Anayesikiliza kanda ya zamani ya Mombasa na kusema "hiyo kodiani" mara nyingi anasikia harmonia.

"Kodiani na harmonia ni kitu kimoja, moja inabebwa nyingine inawekwa chini."

Ukoo ni mmoja, hilo kweli. Vyote viwili hutoa sauti kwa ulimi mwembamba wa madini uliopigwa ribiti upande mmoja juu ya kibati chenye tundu; pumzi ikipita, ulimi unatetemeka. Mvukuto hautoi sauti yoyote, unatoa upepo tu. Tofauti iko kwenye matumizi ya upepo huo. Harmonia ya Kihindi inapulizwa kwa mkono wa kushoto kwa nyuma, upepo unakusanyika kwenye akiba ndani ya sanduku, na sauti inatoka kwa usawa. Mkono huo hauna kazi nyingine. Kodiani haina akiba. Mkono wa kushoto unavuta na kusukuma, na kila unachofanya kinasikika papo hapo: ukikaza, sauti inakuwa kubwa, ukilegeza, inakufa. Mpigaji mzuri wa taarabu anaweza kuifuata pumzi ya mwimbaji kwa mkono huo, jambo ambalo harmonia hulifanya kwa shida. Ndiyo sababu pia kila ulimi wa kodiani una pacha wake kwenye kibati kilekile: mmoja unalia unapovuta, mwingine unaposukuma. Kwenye kodiani yenye vibao kama vya piano mapacha hao hutoa sauti ileile. Kwenye aina nyingine za vitufe hutoa sauti mbili tofauti, na anayenunua bila kujua hili hujikuta hawezi kufuata nyimbo alizozizoea.

"Kodiani haiwezi maqam."

Maqam ni mpangilio wa sauti ambao wimbo unaufuata. Hili lina ukweli nusu, na nusu ya pili ndiyo yenye faida kwa mpigaji.

Kodiani ya kiwandani imepangwa kwa sauti 12 sawa ndani ya oktava. Maqam nyingi zinakaa humo bila taabu. Nahawandi ya C ni C, D, E bemoli (yaani E iliyoshushwa nusu sauti), F, G, A bemoli na B, zote zipo kwenye vibao. Hijazi ya D ni D, E bemoli, F shapu (iliyopandishwa nusu sauti), G, A, B bemoli na C, nazo zipo. Ajam ipo, Kurdi ipo. Wimbo ukiwa kwenye mojawapo ya hizi, kodiani inapiga kila kitu sambamba na fidla.

Shida inaanza kwenye Rasti na Bayati. Bayati ya D inataka E iliyo katikati ya E na E bemoli, na sauti hiyo haina kibao. Rasti ya C inaitaka E hiyohiyo pamoja na B ya katikati. Mwanafunzi akiona hivyo huchukua sauti iliyo jirani, na hapo ndipo makosa yanaposikika hadi safu ya nyuma: fidla na mwimbaji wako chini kwa robo ya sauti, yeye yuko juu, na zote mbili zinagongana kwa mdundo wa kukera. Afadhali anyamaze. Katika Bayati ya D ni sauti moja tu ya kurukwa. D, F, G, A, B bemoli na C zote ni zake. Mpigaji mwenye masikio huiacha E kwa fidla, anashika D au F kwa muda mrefu kidogo, na msikilizaji hajui kama kuna pengo.

Wapo wanaodhani kwamba kukaza mvukuto kutaishusha sauti mpaka robo. Ni kweli kwamba shinikizo kubwa huishusha sauti ya ulimi kidogo, hasa ndimi nene za chini, lakini ni kidogo mno, na unapata kelele kabla hujaipata robo yenyewe.

Njia ya uhakika ni tupa, na Wamisri wameitumia. Ukikwangua ncha ya ulimi, unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukikwangua karibu na ribiti, ulimi unalegea na sauti inashuka. Kuishusha E kwa robo maana yake ni kukwangua penye ribiti, ndimi zote mbili za kibati, kwa kila seti na kila oktava unayoitaka. Hatari yake ni mbili. Ulimi uliokwanguliwa sana hapo huvunjika mapema. Na E ya kawaida imekwenda: Ajam ya C huna tena. Kwa hiyo kwenye kodiani yenye seti kadhaa za ndimi upande wa kulia, busara ni kubadilisha seti moja tu na kuziacha nyingine, kisha kuchagua kwa swichi za juu ya vibao. Kazi hii haifanywi na mtu anayejifunzia kwenye kodiani ya kikundi.

Lawama hii si yetu peke yetu. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku harmonia mwaka 1940 kwa sababu kama hiyo, kwamba sauti zake zimegandishwa na haziwezi kuteleza kama sauti ya mwimbaji, na zuio halikulegezwa hadi 1971. Wakati huo huo watu waliendelea kuipiga majumbani na kwenye kawali, nyimbo za dini za Kisufi. Masikio ya wasikilizaji ni mapana kuliko kanuni.

"Besi 120 ndiyo kodiani ya kweli."

Besi 120 ni vitufe 120 vya mkono wa kushoto: nguzo 20 za vitufe sita sita. Safu mbili ni sauti moja moja za besi, na nne zilizobaki ni kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, zilizokwisha kupangwa: meja, maina, ya saba na ya kupunguzwa. Sasa jiulize vitafanya nini kwenye taarabu. Wimbo wa taarabu unakwenda kwa mstari mmoja ambao vyombo vyote vinaufuata, kila kimoja na mapambo yake. Chini yupo mpigaji wa besi kubwa. Kodi za kushoto zikiingia hapo zinatia meja au maina mahali maqam haijasema hivyo. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa mpigaji wa taarabu zaidi ni mkono wa pumzi, na vitufe vingi vinalala.

Gharama ya vitufe hivyo unaibeba mabegani. Kodiani ya besi 120 yenye seti nne kulia ina uzito wa kilo 10 hadi 12. Upande wa kulia pekee una vibao 41, mara seti nne, mara ndimi mbili: ndimi 328. Ongeza 120 za besi, upate 448, na kila moja ni ya kupata kutu. Kwa mwanzo, besi 48 inatosha kabisa.

"Ikikwama, tia mafuta ya cherehani."

Kati ya yote, hili ndilo linaloua kodiani nyingi pwani. Mafuta hushika vumbi, vumbi hukaa kati ya ulimi na kibati, penye nafasi nyembamba kuliko karatasi, na ulimi hunyamaza. Yakifika kwenye vipande vya ngozi vinavyoziba tundu la upande mwingine, ngozi hujikunja na upepo unavuja. Dawa ya kupulizia kutu ni vilevile.

Hewa ya chumvi ni adui wa kweli. Kutu ya feleji huanza kama madoa ya kahawia kwenye ulimi, na kwa kuwa kutu hubadilisha uzito na unene, sauti inatoka kwenye mstari kabla hujaona chochote. Fundi huikwangua kwa brashi laini ya nyuzi za kioo, akiishikilia chini ya ulimi karatasi nyembamba ya chuma ili usipinde, kisha analinganisha sauti upya, maana kila alichokwangua kimeibadilisha.

Jua nalo lina yake. Vibati vimekalishwa kwenye ubao wake kwa nta, kawaida nta ya nyuki iliyochanganywa na rosini, ileile wapigaji fidla wanayopaka kwenye upinde. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika mapema zaidi. Iache kodiani ndani ya gari lililofungwa saa saba mchana, foleni ya feri ya Likoni, na unaweza kufika ng'ambo vibati vimeteleza. Dalili ni sauti mbili kutoka kwa kibao kimoja, au kugongagonga ndani ukiitikisa. Usiendelee kuipiga.

Mvukuto ukitoboka, watu hukimbilia gundi ya papo hapo na utepe wa plastiki. Gundi hiyo ikikauka inakuwa ngumu, mkunjo unavunjika pembeni yake, na sasa una matundu mawili. Gundi ya utepe nayo huyeyuka kwa joto na kugandisha mikunjo. Kinachofaa ni kitambaa au ngozi nyembamba na gundi inayobaki laini ikikauka.

Kuihifadhi si kazi. Isimame kwa miguu yake ndani ya sanduku, mikanda ya mvukuto imefungwa, vifuko vya kunyonya unyevu viwepo na vibadilishwe. Usiizungushie mfuko wa nailoni. Unyevu uliomo utakaa humo humo na ukungu utaota kwenye ngozi. Na ipigwe kila wiki, hata dakika 20. Inayokaa kabatini ndiyo inayooza.

"Mwomboko wa Wakikuyu ni jadi ya kabla ya wakoloni, kwa hiyo kodiani ni ya kale Kenya."

Kwa ufupi: ngoma hiyo ilishika kasi wakati wa ukoloni wenyewe, kwa mchanganyiko wa dansi za Kizungu, na sauti yake ni kodiani pamoja na pete ya chuma inayogongwa, karing'aringa. Ni jadi sasa, ndiyo. Lakini kodiani haiwezi kuwa ya zamani kuliko meli zilizoileta.

"Ukitaka kununua iliyotumika, sikiliza wimbo mmoja tu."

Wimbo mmoja hautumii vibao vyote, na muuzaji anajua auchague upi. Fungua mikanda ya mvukuto, shika upande wa vibao juu bila kubonyeza chochote, na uache upande wa besi uning'inie kwa uzito wake. Ukishuka polepole sana, upepo umeshikwa. Ukianguka moja kwa moja, inavuja, na huenda ni mvukuto, au ni vifuniko vya tundu vilivyoliwa na wadudu, kwa sababu chini yake pana kitambaa cha sufu.

Kisha bonyeza kibao kimoja kimoja, kutoka chini hadi juu, kwa kuvuta na tena kwa kusukuma, na urudie kwa kila swichi ya sauti. Ulimi unaolia kwa kuvuta tu una pacha aliyekwama. Mtetemo unaosikika kati ya seti mbili za katikati si ubovu. Kodiani nyingi zimepangwa hivyo makusudi. Ubovu ni pale mtetemo unapokwenda haraka kwenye kibao kimoja na polepole kwenye jirani yake.

Mwisho, omba ifunguliwe: mvukuto unashikiliwa na misumari midogo inayotoka kwa koleo. Nusa kwanza. Kisha angalia nta. Ikiwa ya kahawia ya asali na inabonyea kwa ukucha, ni nzima. Ikiwa nyeupe, imepasuka na inameguka, ndimi zote zitatolewa na kuwekwa nta upya, na bei hiyo uitoe kwenye ile unayotajiwa.