scanf haikusubiri wewe: dhana potofu kuhusu kuingiza na kutoa data katika C

“scanf humsubiri mtumiaji kila inapoitwa.”

Hapana. scanf, amri ya lugha ya C ya kusoma data, husoma kilichomo kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi data kwa muda), na husubiri pale tu inapokosa cha kusoma. Mtumiaji akiandika 25 na kubonyeza Enter, zinaingia herufi tatu: 2, 5 na alama ya mstari mpya. `scanf("%d", &umri)` huchukua mbili za kwanza na kuiacha ya tatu. Ukifuatisha `scanf("%c", &jibu)`, alama hiyo ndiyo inayosomwa, na swali la pili linaonekana kama limerukwa. Weka nafasi kabla ya alama ya asilimia, `" %c"`, ili nafasi tupu zote zirukwe kwanza. `%d` na `%s` huziruka zenyewe.

Balaa kubwa huja mtu anapoandika “ishirini” badala ya 20. `%d` inaikataa “i” na kuiacha palepale, kwa hiyo kitanzi kinachorudia swali kitazunguka bila kikomo, kila mara kikikutana na “i” ileile. Ndiyo maana scanf hurudisha idadi ya thamani ilizohifadhi, au EOF data ikiisha kabla ya kusoma chochote. Idadi hiyo ikiwa si 1, tupa mabaki ya mstari kwa getchar, inayosoma herufi moja moja:

`int c;`
`while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF) ;`

Hiyo `c` ni `int` kwa makusudi. Wengi hudhani getchar hurudisha `char`, lakini EOF ni namba hasi isiyo na nafasi miongoni mwa thamani 256 za baiti moja. Kwenye mashine ambazo `char` haibebi hasi, kama Linux nyingi za ARM, ukiihifadhi kwenye `char`, ulinganisho na EOF hautakuwa kweli kamwe.

“fflush(stdin) husafisha bafa.”

stdin ni mkondo wa kuingiza data, ilhali kiwango rasmi cha C kinaieleza fflush kwa upande wa kutoa data tu. Kompaila za zamani za Microsoft ziliikubali, na mazoea yakaenea vyuoni. Tangu Visual Studio 2015 haifanyi kitu hata huko.

“gets ni rahisi, haina neno.”

gets, inayosoma mstari mzima, haijui ukubwa wa safu yako. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliingia kwenye kompyuta za VAX kwa kuipelekea fingerd, programu ya kutoa taarifa za watumiaji, baiti 536, ilhali bafa yake ya gets ilikuwa ya 512. C11, toleo la 2011 la kiwango cha C, liliifuta gets kabisa. `scanf("%s", mji)` ina hatari hiyohiyo, tena ukiandika Dar es Salaam utabaki na “Dar”. Tumia `fgets(mji, 20, stdin)`: husoma herufi 19 kwa upeo na kuacha nafasi ya `'\0'`, alama ya mwisho wa maandishi. Huuhifadhi pia mstari mpya ukitosha; uondoe kwa `mji[strcspn(mji, "\n")] = '\0';`.

“printf huonyesha maandishi papo hapo.”

Kwenye skrini, kwa kawaida maandishi hutoka ukifika `\n`. Yakielekezwa kwenye faili, husubiri bafa ijae. Programu ikianguka kabla ya hapo, ujumbe wako wa kusaka kosa unapotea nayo, nawe unamtafuta mchawi kwenye mstari usiohusika. Ita `fflush(stdout)`, au andika ujumbe huo kwenye stderr, mkondo wa ujumbe wa makosa.

“while (!feof(f)) husoma faili hadi mwisho.”

feof, inayoangalia kama faili imeisha, huwa kweli baada ya jaribio la kusoma kushindwa, ndiyo maana mstari wa mwisho huchapwa mara mbili. Andika `while (fgets(mstari, sizeof mstari, f) != NULL)`.