Draivu ya mota, mkondo na joto: dhana potofu na ukweli

"Draivu imeandikwa 150%, basi mota ibebeshwe 150%."

Ile 150% ni ya mkondo ambao draivu (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti kasi ya mota) inaweza kuutoa, tena kwa sekunde 60 tu, kwa kawaida mara moja katika kila dakika 10. Draivu ya kazi nzito ya 32 A hutoa 48 A kwa dakika moja, kisha lazima mzigo ushuke ili transista zake (swichi za kielektroniki zinazopitisha mkondo kwenda kwenye mota) zipoe. Ikipangwa kwa kazi nyepesi, kama feni na pampu, ziada hiyo huwa 110% au 120%.

"Draivu inailinda mota yenyewe, haihitaji kuwekewa chochote."

Hapa ndipo mota nyingi zinapoungua. Draivu hupima mkondo, halafu inakadiria joto la koili kwa hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye ampea ulizoziingiza kutoka kwenye bamba la mota (kibati chenye vipimo vyake). Chukua mota ya 11 kW, 22 A, inayoendeshwa na draivu ya 38 A. Fundi akiacha mpangilio wa kiwandani, draivu huenda ikaichukulia mota kuwa nayo ni ya 38 A. Beringi ikianza kubana na mkondo ukapanda hadi 30 A, draivu inaona kazi ya kawaida. Lakini joto linalozalishwa kwenye koili hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo limeshafika mara 1.86 ya kiwango chake. Mota itapelekwa kusukwa upya bila draivu kuonyesha kosa lolote.

Na draivu moja ikiendesha mota tatu, inaona jumla ya mkondo tu. Kila mota iwekewe relei yake ya ovalodi, yaani swichi inayokata mota ikizidiwa na mzigo.

"Mkondo ukiwa chini ya ule wa bamba, mota iko salama."

Si kwenye kasi ndogo. Feni ya mota ya kawaida imefungwa kwenye shafti: mota ya 50 Hz ikiendeshwa kwa 10 Hz, feni nayo inazunguka kwa moja ya tano ya kasi yake. Konveya iliyojaa inadai torki ileile, hivyo mkondo haushuki huku upepo wa kupoza umepungua sana. Mota ya kazi hiyo ifungiwe feni yenye umeme wake.

Kinga ya kuaminika zaidi ni sensa za PTC (vipande ambavyo ukinzani wake hupanda ghafla joto likizidi) zilizofungwa ndani ya koili, kwa sababu zinahisi joto lenyewe, hata pale vumbi linapoziba mapezi ya mota. Kabla ya kuziunganisha kwenye draivu, hakikisha mwongozo unaruhusu; la sivyo tumia relei ya PTC, kwani waya hizo zinapita karibu sana na koili zenye umeme.

"Ikijizima, zima umeme kisha uwashe."

Kwenye baadhi ya draivu, kukata umeme hufuta kumbukumbu ya joto. Hesabu inaanza upya kana kwamba mota ni baridi, wakati koili bado zinachemka. Soma kwanza kosa lililoandikwa. Ovalodi hujijenga polepole: tafuta mzigo uliozidi au beringi mbovu. Mkondo kupita kiasi hukatwa papo hapo: huenda mota imekwama, muda wa kuongeza kasi ni mfupi mno, au kuna shoti. Ukipima insulesheni kwa mega (kipimo kinachotumia volti kubwa), ng'oa kwanza kebo ya mota kwenye draivu, vinginevyo utaua transista.

"Chumba kina baridi, basi draivu haitapata joto."

Kinachohesabiwa ni hewa inayoingia kwenye draivu ndani ya paneli. Draivu nyingi hutoa mkondo wake kamili hadi 40 °C na mwinuko wa mita 1,000. Juu ya hapo hupungua takriban 1% kwa kila mita 100. Ile ya 32 A, kwenye mita 1,700, ihesabu kuwa ya karibu 29.8 A. Ukipandisha masafa ya kuswichi (idadi ya mara transista hufunga na kufungua kwa sekunde) kutoka 4 kHz hadi 12 kHz ili kupunguza mlio wa mota, transista huzalisha joto zaidi na uwezo unashuka tena. Jedwali la upungufu huo limo kwenye mwongozo. Kichujio cha paneli kilichojaa vumbi nacho kinatosha kuizima draivu yenye mzigo wa kawaida kabisa.