Sproketi moja mbele kwenye hadteli: meno mengi hayakupi kasi

"Fundi, niwekee ya meno 36, mimi ni mtu wa spidi." Kauli hii haikauki karakana, na anayeitoa huwa na baiskeli nzuri tu: hadteli (baiskeli ya milimani isiyo na springi nyuma) ya inchi 29, kaseti ya 10-51 (sproketi za nyuma, ndogo meno 10 na kubwa 51), matairi ya upana wa inchi 2.25. Pesa ni zake, anafungiwa 36 yake. Baadaye anarudi analalamika kwamba magoti yanamuuma, cheni inatoa kelele na gia ya mwisho "haisaidii" mlimani. Gia ya mwisho haina kosa lolote. Kosa liko mbele.

Dhana: Sproketi kubwa mbele ndiyo kasi

Kasi inatokana na wati ambazo miguu yako inaweza kuzitoa na kuendelea kuzitoa. Meno ya mbele yanaamua tu utazitoa kwa kuzungusha pedali mara ngapi. Gurudumu la 29 lenye tairi ya 2.25 likizunguka mara moja linasogea karibu mita 2.29. Ukiwa na 32 mbele na 10 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 7.3. Zungusha mara 90 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa mwendeshaji aliyezoea, na uko kilomita 40 kwa saa. Fikisha 110, unagusa 48.

Sasa jiulize kwa ukweli: ni lini ulikwenda 40 kwenye maramu tambarare, bila mteremko na bila upepo wa nyuma, ukakaa hapo dakika kumi? Mtu aliyekaa wima juu ya matairi mapana anahitaji wati 400 hivi au zaidi kushikilia mwendo huo, na wenye nguvu hiyo ni wachache sana. Mteremkoni nako, ukishavuka 45, kuinamisha mgongo na kubana viwiko kunakuongezea kasi kuliko kupedali. Kwenye njia ya mawe ndiyo kabisa, vidole viko kwenye breki.

Kwa hiyo ukitoka 32 kwenda 36 unanunua gia ya juu ambayo hutaitumia, na unailipia mlimani, mahali ambapo saa nyingi za safari zinaishia. Tuchukue mwinuko wa asilimia 15, wa aina unayokutana nayo Ngong au ukitoka kijiji kimoja kwenda kingine Usambara. Wewe, baiskeli na maji yako mna kilo 85. Kwenye maramu, mvuto pamoja na msuguano wa matairi vinakurudisha nyuma kwa nguvu ya karibu nyutoni 140. Ukiwa kwenye sproketi ya 51 na unataka kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika, ambacho kwangu ndicho kiwango cha chini kabisa cha kupanda bila kuumiza goti, 32 inakudai wati 200, 36 inakudai 225 na 38 inakudai karibu 240.

Tuseme una 180 siku hiyo, kwa kuwa ni saa ya tatu ya safari na jua linawaka. Kwa 38 unashuka hadi mizunguko 45 kwa dakika, kwa 36 hadi 48, kwa 32 unabaki 54, kwa 30 unafika 57. Mlima ni uleule, wati ni zilezile, na kasi ya kupanda ni ileile, kilomita 4.6 kwa saa hivi. Rudia kuisoma sentensi hiyo: sproketi kubwa haikukupandisha haraka hata kidogo. Ilichofanya ni kukulazimisha kukanyaga kwa nguvu zaidi kila mzunguko, na nguvu hiyo inapita kwenye goti, kwenye cheni na kwenye meno ya kaseti.

Kwa hadteli kuna jambo la ziada ambalo watu wa 36 hawalifikirii. Nyuma hakuna springi. Kwenye mawe madogo na makorongo ya mvua, gurudumu la nyuma linarukaruka, na kinachoifanya tairi ing'ang'anie ardhi ni uzito wako ukiwa umekaa kitini. Gia ikiwa nzito unasimama. Ukisimama uzito unahamia mbele, ukikanyaga kwa nguvu tairi ya nyuma inateleza, unaweka mguu chini, na kuanza tena katikati ya mwinuko ni shida tupu. Mwenye gia nyepesi anapita amekaa, anazungusha taratibu. Hii ndiyo sababu hadteli inahitaji gia ya chini nyepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna hoja ya mwisho, "mbona wa Kombe la Dunia la baiskeli za milimani wanatumia 36 na 38?" Wanatumia, ndiyo. Ni watu wepesi wenye nguvu ya kupanda mlima kwa wati ambazo wewe na mimi tunazitoa kwa sekunde chache tu, na mbio zao huisha ndani ya saa moja na nusu. Chagua ya miguu yako.

Ushauri wangu, na siubadilishi kirahisi: hadteli ya 29 yenye 10-51 na mwendeshaji wa milima ifungwe 30. Anayezunguka zaidi Karura au Hell's Gate, ambako miinuko ni mifupi, achukue 32. Ya 34 ni ya mwenye mazoezi ya kweli au anayetumia baiskeli hiyo hiyo kwenda kazini kwa lami. Ukiona 30 ni ndogo mno, kumbuka ile baiskeli ya zamani ya inchi 26 yenye 22 mbele na 34 nyuma: ilikusogeza mita 1.33 kwa kila mzunguko. 30 kwa 51 kwenye 29 inakusogeza 1.35. Ni gia ileile iliyowapandisha watu milima kwa miaka mingi, na hakuna aliyeicheka.

Kama tayari unayo sproketi mbele na hujui kama inakufaa, iangalie kaseti. Ikiwa sproketi ya 51 imeng'aa na kuchubuka rangi huku ya 10 na ya 12 zikiwa bado na rangi ya kiwandani, mbele una meno mengi mno, punguza mawili. Ikiwa ni kinyume, ile kubwa bado mpya na zile tatu ndogo meno yamechongoka kama mapezi ya papa, ongeza mawili. Kaseti haisemi uongo kuhusu unapoendeshea.

Dhana: Nilikuwa na gia 27, sasa nimebaki na 12, nimepunjwa

Hujapunjwa. Chukua sproketi tatu za mbele, 42/32/22, na kaseti ya 11-34 ya sproketi tisa. 42 kwa 26 ni sawa na 32 kwa 20. 42 kwa 30 ni sawa na 32 kwa 23. 42 kwa 34 ni sawa na 32 kwa 26. Nyingi za zile 27 ni marudio, na nyingine hupaswi kuzitumia kwa sababu cheni inapinda mno. Unachopoteza kweli ni kidogo juu, yaani uwiano wa meno ya mbele kwa ya nyuma wa 3.8 (42 kwa 11) unakuwa 3.2 ukifunga 32 na 10, na hatua kati ya gia na gia zinakuwa pana kiasi. Kwa anayekimbia barabarani kwa kundi hilo ni tatizo. Porini huligundui.

Dhana: Toa sproketi mbili za mbele, bakiza ya katikati, umemaliza

Hii inaharibu baiskeli nyingi za mitumba. Sproketi ya katikati ya seti ya sproketi tatu imechongwa ili iiachie cheni: ina meno mafupi na njia za pembeni za kuipandisha na kuishusha. Ukiitumia peke yake, cheni inatoka kwenye shimo la kwanza. Unahitaji sproketi yenye meno mapana na membamba yanayopishana, aina ambayo SRAM waliileta na XX1 mwaka 2012, pamoja na derela ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni kati ya sproketi) yenye klachi, inayozuia mkono wake usirukeruke na cheni isilegee. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Meno hayo yakiisha, cheni inaanza kutoka tena hata klachi ikiwa nzima, kwa hiyo usikimbilie kulaumu derela. Mkononi uwe na boliti fupi za sproketi moja. Zile za zamani ni ndefu, zitafika mwisho kabla hazijaibana sproketi, nayo itabaki ikicheza. Na kwenye kranki ya 104 mm (kipenyo cha duara la matundu ya boliti) usitafute 28: ndogo ya kawaida ni 32, na chache maalumu hufika 30.

Dhana: Kaseti ya 51 inaingia popote

Derela ya zamani iliyotengenezwa kwa 36 haifiki 51, na kuizungusha skrubu ya B, inayoweka pengo kati ya derela na kaseti, hadi mwisho hakubadilishi urefu wa mkono wake. Kisha kuna habu ya nyuma: sehemu yake inayobeba kaseti ina aina kadhaa zisizoingiliana, kama HG, Micro Spline na XD. Shimano Deore M6100 ya 10-51 inataka Micro Spline. SRAM GX Eagle inataka XD. Kama habu yako ni ya HG na hutaki kuinunua upya, Deore M5100 ya sproketi 11, 11-51, inaingia, au microSHIFT Advent X ya sproketi 10, 11-48. Hiyo ya pili ukiifunga na 30 mbele, gia nyepesi kabisa ni uwiano wa 0.625, karibu sawasawa na 32 kwa 51. Kwa bajeti ya wengi ndiyo njia ya busara. Shifta, derela na cheni viendane na kaseti. Usichanganye vya sproketi 10 na vya 11.

Kuhusu sproketi za mbele zenye umbo la yai: chagua idadi ya meno kwa hesabu zilezile, basi.

Dhana: Sproketi ni sproketi, tofauti ni meno tu

Umbali wa sproketi kutoka katikati ya fremu ndio unaoamua cheni itapinda kiasi gani ikiwa kwenye 51. Kwa kranki za SRAM ambazo sproketi hufungwa moja kwa moja kwenye kranki, fremu ya Boost (nafasi ya habu ya nyuma ni 148 mm) inachukua sproketi iliyosogezwa 3 mm, isiyo ya Boost inachukua ya 6 mm. Ukizikosea, dalili ni rahisi: weka 51, zungusha pedali kinyumenyume nusu duara, cheni inashuka yenyewe kwenda sproketi ya chini. Kabla ya kununua pima pia nafasi kati ya sproketi na bomba la fremu la chini nyuma. Fremu nyingi za hadteli zina kikomo cha 34 au 36, kimeandikwa kwenye maelezo ya mtengenezaji.

Ukitoka 32 kwenda 30, cheni kwa kawaida inabaki ilivyo. Ukitoka 32 kwenda 36 ongeza jozi moja ya viungo, la sivyo siku utakapoingia 51 kwa haraka cheni itakazwa mpaka ivunje hanga ya derela, kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu. Baada ya kubadilisha, angalia tena pengo kati ya gurudumu la juu la derela na sproketi ya 51 kwa alama au kipimo cha mtengenezaji. Cheni ibadilishwe kipimo cha uchakavu wa cheni kikisoma asilimia 0.5, na kama unaendesha kwenye vumbi na tope, sproketi ya mbele ya chuma itadumu kuliko ya alumini. Nzito kidogo, ndiyo. Ichukue hiyo.