Gari Likigonga Mbele Unapofunga Breki, Usianze kwa Kununua Pedi

Lalamiko hili linazidi kutufikia sisi wakaguzi wa magari: "Nikikanyaga breki, mbele panagonga." Mara nyingi mwenye gari anaongeza kwamba pedi ameshabadilisha na mlio uko palepale. Wapo waliobadilisha mara mbili. Tunaelewa kwa nini: mguu uko kwenye breki, basi lawama inaiendea breki. Lakini mara nyingi breki imefichua tu ubovu ulioko kwingine.

Unapofunga breki, gurudumu linazuiwa ilhali bodi yote bado inataka kwenda mbele. Uzito unahamia magurudumu ya mbele, na kila gurudumu linasukumwa nyuma dhidi ya mkono wa chini unaolishikilia. Mkono huo umekaa kwenye bushi za raba, yaani vipande vya raba vilivyo kwenye maungio yake. Bushi ya nyuma ikichanika, mkono mzima unateleza nyuma milimita chache kisha unagota kwenye chuma: ko! Ukiachia breki unarudi mahali pake, na masikio makini yatasikia "ko" ya pili. Huenda pia usukani ukavuta upande mmoja kwa sekunde hiyo hiyo. Pedi mpya haziwezi kutibu hilo.

Kwa hiyo tunachouliza kwanza ni mlio unatokea lini. Tafuta uwanja mtupu na tambarare, nenda mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea, funga breki. Rudi nyuma, funga tena. Mlio ukisikika mara moja tu kila unapobadili mwelekeo, kisha kimya, anza na kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski: pengine vibanio vidogo vya kuzuia pedi zisicheze havikurudishwa wakati wa matengenezo, pini za kalipa zimelika, au bolti zake zimelegea. Bolti ya kalipa iliyolegea si ya kusubiri kesho. Mlio ukisikika kila unapofunga na kila unapoachia, hata ukienda mbele tu, shuku bushi au boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha mkono na gurudumu. Mlio ukisikika kwenye mashimo na matuta bila kugusa breki, angalia linki za stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala upande) na mauntingi za shokapu, yaani sehemu zinapofungiwa. Mlio unaofuatana na mzunguko wa gurudumu unaweza kuwa nati zilizolegea, na hapo gari lisimame sasa hivi.

Jambo moja lieleweke. Pedali kutetemeka kwa haraka barabara ikiwa na utelezi ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikifanya kazi yake. Tumeshaeleza mara nyingi, na bado magari yanaletwa fyuzi ya ABS ikiwa imechomolewa ili "kelele iishe". Tafadhali msifanye hivyo.

Kwenye ukaguzi, gari huinuliwa na mkaguzi hushika tairi juu na chini, akalitikisa. Likicheza, mwenzake hukanyaga breki na kuishikilia. Kucheza kukikoma, beringi ya gurudumu ndiyo inayotiliwa shaka. Kukiendelea, ni boljointi au bushi. Kisha tairi hushikwa kushoto na kulia ili kupima tairodi endi, kiungo cha mwisho cha usukani kwenye gurudumu. Bushi hupimwa kwa mtalimbo: mkono wa chini unasukumwa, na tunatazama kama chuma kinasogea pasipo raba kukizuia. Nyufa ndogo za juujuu kwenye raba peke yake hazitoshi kufanya gari lifeli ukaguzi.

Kasoro huandikwa kwa daraja. Ndogo, unashauriwa na unaondoka. Kubwa, gari halipiti. Litengenezwe, kisha lirudi kupimwa upya pamoja na karatasi ya kasoro ya mara ya kwanza. Ya hatari, gari halipaswi kuendeshwa barabarani kabisa, hata kwenda gereji, libebwe. Boljointi inayokaribia kuchomoka iko kwenye daraja hili la mwisho. Ikichomoka, gurudumu linalala, upande ule wa gari unaanguka chini, na usukani haukusaidii tena. Karatasi ioneshe upande na sehemu yenye ubovu. Isipoonesha, omba iandikwe kabla hujaondoka.

Tunaambiwa pia, "Gari langu lilipita ukaguzi miezi michache iliyopita." Ukaguzi unaeleza hali ya gari siku ile. Bolti inaweza kulegea siku inayofuata. Na anayesema atafunga breki polepole ili pasigonge, siku mtoto atakapokatiza mbele yake hatakuwa na nafasi ya kufunga polepole.

Kwa matengenezo, omba uoneshwe kifaa kibovu kikicheza kabla hakijatolewa. Bushi zibadilishwe pande zote mbili, kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Halafu kuna kosa linalotusikitisha kwa sababu mteja ameshalipa na hana namna ya kuliona: bushi nyingi za raba zinatakiwa kukazwa mwisho kabisa gari likiwa limekalia uzito wake. Fundi akizikaza gari likining'inia kwenye jeki, raba inabaki imejipinda kila gari linapokaa chini, inachanika mapema, na mteja anarudi na mlio uleule akilalamika kwamba ameuziwa kifaa bandia. Muulize fundi wako atazikaza gari likiwa katika hali gani, na muulize kabla hajaanza kazi.